Rabai: Kwenda Kusali Katika Kanisa la Mtakatifu Paulo

Ukitoka Mombasa kwa barabara ya Nairobi, shuka Mazeras, kisha panda matatu inayokwenda Kaloleni. Rabai iko njiani, mwendo mfupi tu, kwenye vilima vya minazi. Hapo ndipo lilipo Kanisa la Mtakatifu Paulo, la Anglikana, lililojengwa mwaka 1887 na linalosaliwa hadi leo. Wageni wengi hulifikia siku za kazi, wakatazama majengo ya kale, wakaondoka bila kusikia wimbo hata mmoja. Ningekushauri uje Jumapili, kwa sababu wenye historia hii ndio wanaokaa kwenye mabenchi.

Ni vizuri ufike ukiwa unajua kisa chake. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na shirika la Church Missionary Society la Uingereza, aliingia Mombasa mwaka 1844, na miezi michache baadaye akawazika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga. Kaburi la Rosine lingali upande wa Nyali. Mwaka 1846 alipata mwenzake, Johannes Rebmann, na wazee wa Rabai wakawakubalia kujenga kwao. Tunaposimulia habari hii tusiwasahau wazee hao, kwani bila idhini yao kusingekuwa na misheni. Kutoka hapa Rebmann alifunga safari ya Uchagani, akauona mlima Kilimanjaro mwezi Mei 1848. Alibaki pwani miaka 29 na kurudi kwao akiwa kipofu. Katika miaka ile yote waliobatizwa walikuwa wachache mno. Anayekumbukwa kuwa wa kwanza ni Mringe, mtu mwenye ulemavu, aliyebatizwa akiwa karibu kufa.

Vitabu vya shule huishia hapo. Kwa maoni yangu, historia ya kanisa hili kama usharika inaanzia kwa watu waliowahi kuwa watumwa. Baadhi yao walikombolewa baharini na manowari za Waingereza wakiwa watoto, wakapelekwa India, wakasomeshwa Nasik karibu na Bombay, kisha wakarudishwa pwani ya Afrika kusaidia misheni. Miongoni mwao alikuwa William Jones, Myao aliyejifunza uhunzi. Mwaka 1885 yeye na Ishmael Semler waliwekewa mikono na Askofu James Hannington wakawa mashemasi. Mwaka huohuo Jones alifuatana na askofu huyo katika safari ya Uganda. Hannington aliuawa Busoga mwezi Oktoba, na Jones akawarudisha wapagazi waliosalia, mwendo wa mamia ya maili kwa miguu. Walipoingia Rabai Februari 1886 walikuwa na bendera ya buluu yenye neno moja jeupe, Ikabodi, jina la mtoto wa msiba katika kitabu cha kwanza cha Samweli. Mwaka uliofuata kanisa hili likajengwa.

Wengine walikuwa watoro, waliokimbia mashamba ya pwani na kutafuta hifadhi Rabai. Wenye mashamba walipodai warudishiwe watu wao, George Mackenzie wa Kampuni ya Imperial British East Africa alikubali kuwalipa fidia, na mwanzoni mwa 1889 watu zaidi ya elfu moja wakapewa hati za uhuru wao. Ukiona Rabai ukoo wenye jina la Kizungu usishangae, wala usimuulize mtu asili yake kana kwamba unamhoji. Subiri akusimulie mwenyewe.

Sasa tuje kwenye Jumapili yenyewe. Saa za ibada hubadilika kwa majira na kwa sikukuu, kwa hiyo mpigie simu au mtumie ujumbe mtu wa parokia kabla ya kutoka nyumbani. Vaa nguo ya heshima na utulivu, kwani kijijini watu hutazama hilo kuliko bei ya kiatu. Fika robo saa kabla. Mlangoni utapokewa na mzee wa kanisa. Msalimie, mwambie umetoka wapi, na kama umekuja na kikundi mweleze mko wangapi. Wakati wa matangazo huenda ukaombwa usimame ujitambulishe. Maneno mawili matatu yanatosha: jina lako, kanisa unakosali, na salamu kutoka huko. Salamu hizo zina uzito, na ukizisahau watu wataona umepungukiwa na adabu.

Ibada ya Kianglikana ina mpangilio wake: maungamo, masomo, mahubiri, imani, maombi, sadaka, kisha meza ya Bwana siku inapokuwepo. Anayeijua kwa Kiswahili cha mahali pengine hatapotea. Kama kwenu unashiriki meza ya Bwana, muulize kasisi mapema kuhusu kushiriki hapo. Kama hushiriki, baki mahali pako kwa amani, au omba baraka kama kasisi ataruhusu. Wanyamazishe watoto kwa upole lakini usiwatoe nje kila wanapolia, kwa sababu hapa watoto ni sehemu ya kusanyiko. Simu izime. Picha ndani ya ibada usipige bila ruhusa ya kasisi, hasa mtu anapobatizwa au anapopokea meza.

Baada ya baraka usikimbilie gari. Uani ndipo mambo mengi ya parokia hufanyika: akina mama wa Mothers' Union wanapanga kumtembelea mgonjwa, vijana wanafanya mazoezi ya kwaya, na wazee wanajadili msiba wa jirani. Ukipenda kuchangia ukarabati wa jengo, toa kupitia kwa wahazini au kasisi, uombe risiti. Kumpa fedha mkononi mtu yeyote aliyejitolea kukuzungusha hakulijengi kanisa.

Makumbusho ya Rabai yako chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na kiingilio chake hakihusiani na sadaka ya kanisa. Malipo ya makumbusho ya serikali siku hizi hupitia eCitizen, basi hakikisha simu yako ina fedha na chaji. Uliza pia kama pamefunguliwa Jumapili unayokuja. Msitu wa kaya ulio karibu ni jambo jingine kabisa. Kaya za Wamijikenda ziliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008, lakini kwa wenyewe ni mahali patakatifu tangu zamani, na huingii bila wazee kukupeleka. Kuna waumini wa Rabai wanaokwenda kanisani na bado wanaiheshimu kaya ya babu zao. Mgeni asijipe kazi ya kuwahukumu.

Kwa wanaotafuta ukoo wao, nina ushauri zaidi, maana hili ndilo linalowapeleka wengi Rabai wakarudi mikono mitupu. Kanisa la Kianglikana huandika ubatizo, kipaimara, ndoa na maziko katika madaftari, na ya zamani ni dhaifu kama majani makavu. Usiende Jumapili ukitarajia kufunguliwa kabati. Andika barua kwa kasisi wa parokia wiki kadhaa kabla, ueleze unamtafuta nani na una uhusiano gani naye. Taja mwaka wa kukadiria, majina yote unayoyajua, na wasimamizi wa ubatizo kama familia inawakumbuka. Jina la ubatizo huenda halifanani na lile la nyumbani, na aliyekombolewa akiwa mtoto huenda aliandikwa kwa jina alilopewa na wamisionari tu, bila la baba. Kwa hiyo fuatilia pia mke, ndugu, na watoto wake. Ukiruhusiwa kuona daftari, nawa mikono na uikaushe, tumia penseli kuandika maelezo yako, na usilambe kidole kugeuza ukurasa. Omba ruhusa ya kupiga picha ukurasa unaokuhusu wewe tu, kwani mistari ya juu na chini yake ni ya familia nyingine. Ukipata unachotafuta, iachie parokia nakala ya mti wa ukoo wako ulioandikwa vizuri, wenye tarehe na majina ya waliokusimulia, ili anayekuja baada yako akitafuta jina hilohilo aanzie hapo.