Kipa wa Akiba: Kazi Yake Huanza Kabla ya Kuitwa

Tarehe 16 Novemba 2025, pale Rabat, katika mchujo wa kufuzu Kombe la Dunia, Kongo na Nigeria walikuwa 1–1 na dakika 120 zinaisha. Kocha Sébastien Desabre akamtoa kipa Lionel Mpasi, akamwingiza Timothy Fayulu. Tangu siku hiyo, hapa Kolwezi ninapofundisha makipa vijana, maswali hayakatiki. Haya ndiyo yanayorudi mara nyingi.

Mwalimu, kwa nini umtoe kipa ambaye hajaumia?

Kwa sababu penalti ni kazi nyingine kabisa. Mpira unapigwa kutoka mita 11. Ukienda kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, unafika golini kwa kiasi cha sehemu 4 za kumi za sekunde. Kipa akingoja aone unakoelekea, amechelewa. Lazima asome nyonga na mguu wa kusimamia, huku mguu wake mmoja ukibaki kwenye mstari hadi mpira upigwe. Wapo makipa wenye kipaji hicho kuliko wenzao. Ila kocha anayetaka kufanya hivyo lazima aweke nafasi moja ya kubadilisha mchezaji, maana kipa naye huhesabiwa kama wengine. Desabre aliiweka. Fayulu akazuia, nahodha Chancel Mbemba akafunga mkwaju wa mwisho, Kongo ikashinda 4–3.

Basi Mpasi alidharauliwa?

Hata kidogo. Kumbukeni San Pedro, Januari 2024, Kombe la Afrika: tuliitoa Misri kwa penalti 8–7, na aliyefunga mkwaju wa ushindi ni Mpasi mwenyewe, kipa! Rabat kila mmoja alifanya sehemu yake. Mmoja alibeba mzigo hadi mlangoni, mwenzake akaupokea.

Kipa wa akiba anafanya nini siku zote asipocheza?

Anafanya kazi ambayo shabiki haioni. Mazoezini ndiye anayepigiwa mashuti na washambuliaji hadi jua linatua. Anakariri: huyu hupenda kushoto, yule husitasita kabla ya kupiga. Na anatunza glovu zake. Udongo wetu mwekundu hula mpira wa kiganjani kama msasa, na glovu ikikauka huteleza. Kwa hiyo tazama kipa mwenye akili: ana chupa ya maji kando, ananyunyizia viganja kidogo kidogo, halafu anavisugua kimoja kwa kingine.

Na akiingia mambo yakaharibika?

Hutokea, tena ilitutokea mbele ya dunia nzima. Kombe la Dunia 1974, Zaire, jina la nchi yetu wakati ule, dhidi ya Yugoslavia. Golini alikuwa Kazadi, kipa wa Lubumbashi, aliyetwaa ubingwa wa Afrika na Englebert, ndiyo Mazembe ya leo, mwaka 1967 na 1968. Dakika ya 21, tukiwa nyuma 3–0, kocha Vidinić akamtoa, akamwingiza Tubilandu. Hajakaa sawa, goli la nne likaingia. Mechi ikaisha 9–0. Wengi walimcheka Tubilandu, lakini mimi nauliza: aliitwa kuziba tundu, au kuzuia mto uliokwisha bomoa kingo? Mechi iliyofuata, na Brazil, Kazadi alirudishwa.

Mbona makipa wa akiba wanahamahama?

Timu ina washambuliaji wawili au watatu, lakini goli ni moja. Asiyelipata hapa hulitafuta kwingine. Fayulu alitoka Sion ya Uswisi akafika Noah ya Armenia. Tim Krul wa Uholanzi, aliyeingizwa dakika ya mwisho katika Kombe la Dunia 2014 akaitoa Costa Rica kwa penalti, naye amezunguka vilabu vingi. Hata besiboli wanayo kazi hii: kuna mtupaji anayeingizwa mchezo ukiwa katikati, kuwaokoa wenzake. Tayler Scott wa Afrika Kusini amekula mkate wake hivyo Seattle, Baltimore, Hiroshima huko Japani, San Diego, Houston. Usimwite mtu wa namna hii mzururaji. Yeye ni fundi, na fundi huenda alikoitwa.

Mwanangu anakaa benchi kila Jumapili. Nimtoe timu?

Mama, usiamue kwanza. Jumapili hii kaa karibu na benchi, usitazame mpira. Mtazame yeye, dakika ya 70, wakati kocha hajamwambia neno. Akiwa anapiga soga, ameweka glovu chini ya kiti, zungumza naye nyumbani. Ukikuta viganja vyake vimeshalowa, mwache hapo hapo.