Goti Likilia "Paa!"

Kama umewahi kushiriki UMISSETA, iwe kikapu au pete, huenda umeliona hili. Dada anaruka, anadaka mpira, anatua. Hakuna aliyemgusa. Mara goti linalia "paa!", yuko chini. Kocha anapiga kelele, "Jikaze!" Basi anachuliwa kwa maji ya moto, anafungwa kitambaa, anarudishwa uwanjani.

Sue Bird yalimkuta hayo ya goti, lakini akacheza mpaka umri wa miaka 41. Alizaliwa 1980 huko New York, Marekani. Alikuwa "namba moja", yaani yule anayepanda na mpira na kuchezesha wenzake. Mwaka 1998, akiwa ameanza tu Chuo Kikuu cha Connecticut, alicheza mechi 8, kano ya goti la kushoto ikakatika. Msimu ukaishia hapo.

Kano ni nini? Ni kama kamba ngumu inayofunga mfupa kwa mfupa. Katikati ya goti ipo moja inayozuia mfupa wa muundi usiteleze mbele. Hukatika unaposimama ghafla, unapogeuka mguu umekita chini, au unapotua goti likilalia ndani. Wasichana huumia hivi mara mbili au zaidi kuliko wavulana wa mchezo huohuo. Umbo la nyonga limo, misuli ya paja imo, namna ya kutua nayo imo. Lakini mtu asikudanganye kwamba eti mwili wa mwanamke haukuumbiwa michezo! Misuli inafundishika.

Bird alitibiwa, akarudi, akatwaa ubingwa wa vyuo 2000 na 2002. Kisha akaichezea Seattle Storm katika ligi ya WNBA: ubingwa 2004, 2010, 2018 na 2020. Dhahabu za Olimpiki 5. Alipostaafu 2022 alikuwa ametoa pasi za kufungia 3,234, nyingi kuliko mchezaji yeyote wa ligi hiyo.

Mwaka 2018 alivunjika pua kwenye nusu fainali. Mechi iliyofuata akavaa kinyago, akafunga pointi 14 katika robo ya mwisho. Wengi wanaipenda hadithi hiyo. Mimi namvulia kofia kwa nyingine. Mwaka 2013, na tena 2019, goti lilimsumbua, akafanyiwa upasuaji na kukaa nje msimu mzima. Hiyo 2019 timu yake ndiyo ilikuwa bingwa mtetezi, hebu fikiria! Pua haikubebi, bwana. Goti ndilo linalokubeba.

Sasa wewe uliyeko Geita. Ukisikia "paa", na goti likavimba ndani ya saa chache, toka uwanjani hata kama ni fainali. Siku mbili tatu za mwanzo usichuliwe wala usikandwe kwa moto. Funga barafu kwenye kitambaa, weka dakika 15, uinue mguu. Halafu nenda hospitali. Eksirei huonyesha mifupa, kano haionekani, kwa hiyo ukiambiwa "picha ni nzuri" usikimbilie mazoezini. Mweleze daktari ulivyoanguka, ulisikia nini, na kama goti "linakukimbia" ukitembea. Huenda ukapelekwa Bugando, Mwanza. Si kila mtu hupasuliwa. Wengi husaidiwa na mazoezi ya kukaza misuli. Ila aliyepasuliwa hukaa nje miezi 9 hivi au zaidi kabla ya kucheza tena, na anayemharakisha hamtakii mema.

Kabla ya mazoezi ya leo, jaribuni hivi wawili wawili. Ruka juu, tua kwa miguu yote miwili, magoti yakunjwe kidogo, bila kishindo. Mwenzio akuangalie kwa mbele. Magoti yakikaribiana, akwambie, urudie. Fanya mara 10, kisha mbadilishane.