Kadi ya Picha Yenye Chipu Mbili: Je, Ni Nguvu Maradufu?

Vijana wa chama cha kompyuta wameniomba niandike juu ya kadi za picha zenye chipu mbili, na sababu ya ombi lao ni fedha. Wamekusanya michango ya mihula miwili, nao wameona mjini kadi kuukuu ya Radeon HD 5970 ikiuzwa kwa bei nafuu. Kundi moja lasema inunuliwe upesi, kwa kuwa ina chipu mbili na kumbukumbu ya gigabaiti 2. Kundi la pili lasema fedha zingojee. Sikupenda kuwaamulia kabla ya hesabu, na hesabu yenyewe ni hii.

Kwanza yafaa tujue kazi ya kadi ya picha. Mchezo wa kompyuta si sinema iliyokwisha kupigwa ikawekwa akiba. Kila picha huchorwa papo hapo mchezaji anapocheza, maana hakuna ajuaye kama atageuka kushoto au kulia. Ili jicho lione mwendo usiokatika, twapenda picha 60 kwa sekunde, yaani kila moja iwe tayari kwa milisekunde 17 hivi. Kioo chenye vitone 1920 kwa 1080 kina vitone zaidi ya milioni mbili, na kila kitone chahitaji hesabu ya rangi, mwanga na kivuli. Kazi hiyo ni nzito mno kwa chipu kuu ya kompyuta. Ndiyo maana ikaundwa chipu ya pekee, ikawekwa juu ya kadi pamoja na kumbukumbu yake na feni yake.

Wazo la kuweka chipu mbili juu ya kadi moja lilikuwako zamani. Mwaka 1999 kampuni ya ATI ya Kanada ilitoa Rage Fury MAXX, na mwaka 2000 kampuni ya 3dfx ya Marekani ikatoa Voodoo5 5500. Watu wa 3dfx waligawa kila picha kwa mafungu ya mistari, chipu hii mafungu haya, na ile mafungu yale. ATI waligawa kwa zamu: chipu ya kwanza ichore picha ya 1, 3 na 5, ya pili ichore ya 2, 4 na 6. Njia ya zamu ndiyo iliyoenea baadaye, nayo ndiyo hasa inayotumika katika kadi hii ya vijana wetu. HD 5970 ilitolewa na AMD, walioinunua ATI mwaka 2006. Ilitoka tarehe 18 Novemba 2009 kwa dola 599, ikamshinda mpinzani wake, GeForce GTX 295 ya NVIDIA, nayo pia ya chipu mbili. Kila chipu ya HD 5970 ina transista bilioni 2.15. Siku zile hapakuwa na kadi ya michezo yenye mbio kuipita.

Sasa twaeni kalamu. Chipu hizo ni za ukoo mmoja na ile ya Radeon HD 5870, iliyotoka Septemba mwaka ule ule ikiwa na chipu moja, kwa dola 379. Lakini katika HD 5870 chipu huenda kwa megahezi 850, na katika HD 5970 kila moja huenda kwa megahezi 725 tu. Gawanyeni 725 kwa 850, mtapata 0.853. Zidisheni kwa 2, mtapata 1.7. Basi hata kama chipu mbili zingefanya kazi pasipo kungojeana hata kidogo, zisingefika maradufu. Tena tazameni bei: 599 kwa 379 ni 1.58. Muuzaji mwenyewe hakudai bei ya kadi mbili!

Kwa nini zilipunguzwa mwendo? Ni kwa ajili ya umeme. Kwa kanuni ya siku hizo kadi ya picha haikupasa kula zaidi ya wati 300: wati 75 kutoka katika tundu lake, 75 kwa waya wa pini 6, na 150 kwa waya wa pini 8. HD 5970 ilipimwa wati 294. Mafundi waliipa kipozea chenye uwezo wa kuondoa joto la wati 400, kwa hiyo mwenye ujuzi aliweza kuupandisha mwendo mwenyewe, lakini hapo alikuwa amevuka kanuni, na kisanduku cha umeme dhaifu kisingemvumilia.

Tuje kwenye zamu, maana hapa ndipo wengi hudanganyika. Fikirini makarani wawili wanaonakili kitabu kimoja, mmoja kurasa za witiri, mwenziwe kurasa za shufwa. Kila mmoja hana budi kuwa na kitabu chake cha kutazama. Vivyo hivyo kila chipu huhitaji nakala yake ya nyumba, miti na nyuso zote za mchezo. Gigabaiti 2 zilizoandikwa kwenye sanduku ni gigabaiti 1 ya chipu hii na 1 ya ile, zenye mambo yale yale. Mchezo hupata nafasi ya gigabaiti 1, basi.

Tena karani wa shufwa haandiki ukurasa wake upesi zaidi kwa kuwa ana mwenzi. Kurasa zinazotoka kwa saa huongezeka, bali ukurasa mmoja huchukua muda ule ule. Kwa mchezaji maana yake ni kwamba tangu abonyeze kitufe hata aone tendo lake katika kioo, hakupata nafuu ya maradufu.

Jambo la tatu ndilo lililochukua miaka kutambuliwa vizuri. Makarani wakimaliza kwa pamoja, kurasa mbili hutoka karibu karibu, kisha kimya kirefu, kisha mbili tena. Chukueni mfano: picha moja inatoka baada ya milisekunde 6, inayofuata baada ya 27, kisha 6, kisha 27. Kila jozi ni milisekunde 33, kwa hiyo kipimo cha wastani kitasema picha 60 kwa sekunde. Lakini jicho linangoja zile 27, na mwendo wake ni kama wa picha 37. Walionunua kadi za namna hii walilalamika kwamba picha zagugumia, wakajibiwa kwa takwimu za wastani. Septemba 2011 Scott Wasson wa jarida la The Tech Report alianza kupima muda wa kila picha peke yake, na malalamiko yale yakaonekana kuwa ya kweli. NVIDIA waliweka kifaa cha kupanga nafasi za picha ndani ya GTX 690 mwaka 2012, nao AMD wakatoa programu ya kurekebisha mwezi wa Agosti 2013. (Mwalimu wenu wa hesabu atafurahi: wastani peke yake haukutosha.)

Hata hivyo zamu yenyewe yategemea mchezo. Ikiwa ukurasa wa 5 wahitaji maneno ya mwisho ya ukurasa wa 4, karani wa witiri hukaa akingoja. Michezo ya siku hizi huazima mengi kutoka katika picha iliyotangulia ili kulainisha kingo za vitu. Na mchezo usiotayarishiwa programu yake huiacha chipu ya pili imelala. Rage Fury MAXX yalimfika hayo mapema: chini ya Windows 2000 ilitumika chipu moja tu. Kadi kubwa zaidi zilifuata, kama R9 295X2 ya mwaka 2014 iliyokula wati 500 na kupozwa kwa maji, lakini tangu Januari 2021 NVIDIA wameacha kuongeza maandalizi ya zamu kwa kadi zao.

Kwa hiyo rai yangu kwa chama ni kwamba fedha zingojee. AMD waliacha kuitengenezea kadi hii programu mpya za kawaida tangu mwishoni mwa 2015, kumbukumbu yake ni gigabaiti 1 kwa matumizi, na visanduku vya umeme vya maabara yetu ni vya wati 300 kwa kompyuta nzima. Lakini muuzaji akikubali kuitoa kwa bei ya chuma chakavu, mniletee mimi. Chini ya kipozea chake zinaonekana chipu zote mbili, na katikati yake chipu ndogo inayopitisha habari baina yao, nami ningependa kidato cha tatu wazione kwa macho yao.