Hazina Iliyofichwa Mwambani: Jinsi ya Kuanza Mchezo wa Jiokashi Hapa Mwanza



Wiki hii somo letu linatoka nje ya ukumbi wa parokia. Vijana kadhaa wa VIWAWA na TYCS wameniuliza kuhusu ule mchezo wa kutafuta makopo yaliyofichwa kwa kutumia GPS ya simu. Unaanzaje? Unahitaji nini? Na je, kwetu huku kanda ya ziwa unawezekana? Jibu fupi: unawezekana, tena hauhitaji hela nyingi. Ila una masharti yake, na sharti kubwa kuliko yote ni uaminifu. Twende taratibu.

Mchezo wenyewe ni upi?

Unaitwa jiokashi. Jina limeunganisha neno la Kigiriki lenye maana ya dunia na neno la Kifaransa lenye maana ya maficho. Mtu anaficha kopo lisiloingiza maji, ndani anaweka daftari dogo, halafu anatangaza mtandaoni namba za latitudo na longitudo za mahali pale. Wengine wanafuata zile namba, wanalitafuta, wanaandika jina na tarehe kwenye daftari, kisha wanalirudisha palepale lilipokuwa. Kama kuna vitu vidogo ndani, unaweza kuchukua kimoja, mradi uache kingine chenye thamani ileile au zaidi.

Hadi mwaka 2000, jeshi la Marekani lilikuwa linavuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS ya raia, hivyo kifaa kiliweza kukosea hata mita 100. Mwanzoni mwa Mei mwaka huo uvurugaji ule ulisimamishwa. Tarehe 3 Mei, Mmarekani mmoja, Dave Ulmer, akaficha ndoo msituni karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon, akatangaza namba zake kwenye intaneti. Ndani aliweka daftari na vitu vidogo vidogo, likiwemo kopo la maharage. Wa kwanza kuipata alikuwa Mike Teague. Leo yapo makopo zaidi ya milioni 3 duniani. Huku kwetu ni machache ukilinganisha na Ulaya, lakini hilo lisikuvunje moyo. Nitaeleza mbele.

Jifunze kusoma namba kwanza

Hapa ndipo wengi wanakwama, kumbe ni rahisi. Mwanza mjini ipo karibu na S 02° 31.000, E 032° 54.000. Herufi S ni kusini ya ikweta, E ni mashariki. Namba ya kwanza ni nyuzi, inayofuata ni dakika, na tarakimu tatu za mwisho ni vipande vya dakika.

Dakika moja ya latitudo ni kama kilomita 1.85. Kwa hiyo ukikosea tarakimu ya mwisho kabisa umehama kama mita 2 tu, hatua mbili tatu. Ukikosea dakika nzima, kwa Mwanza hiyo inatosha kukutoa nchi kavu na kukutupa ziwani. Na ukiandika N badala ya S, simu itakupeleka kaskazini mwa Uganda, upande wa Lira! Kwa hiyo kabla hujapanda daladala, soma namba mara mbili.

Habari njema: GPS yenyewe haili bando. Simu inapokea mawimbi ya setilaiti bure. Kinachokula bando ni ramani. Pakua ramani ya Mwanza mkiwa mahali penye Wi-Fi, mtatembea siku nzima bila data. Jambo la kuangalia ni chaji.

Siku ya kwanza ya kutafuta

1. Nendeni kikundi, angalau watatu. Mzazi au mlezi ajue mnakwenda wapi na mnarudi saa ngapi. Walio chini ya miaka 18 wasiende bila mkubwa.

2. Anzeni na rahisi. Kila kopo lililosajiliwa lina alama mbili, kuanzia 1 hadi 5: ya kwanza ni ugumu wa kulipata, ya pili ni ugumu wa njia. Chagueni lenye 1 na 1.

3. Mkifika kama mita 10 karibu, wekeni simu mfukoni. Simu ya kawaida haiwezi kukuonyesha jiwe kwa jiwe, na pembeni ya miamba mikubwa kama yetu mawimbi yanagonga na kurudi, mshale unahangaika. Simu inakufikisha, macho yanamaliza kazi. Ukitaka, mwombe Mtakatifu Antoni wa Padua, lakini endelea kutazama.

4. Usiingize mkono mtupu kwenye ufa wa jiwe. Tumia fimbo kwanza. Kwenye miamba yetu kuna nyoka, na kuna pimbi ambao nao wanauma. Pia utamwona yule mjusi mwenye kichwa chekundu na mwili wa bluu. Huyo hana shida na mtu, na jina lake la kisayansi, Agama mwanzae, limebeba jina la mji wetu.

5. Ziwa si uwanja wa kuchezea. Ufukweni kuna kichocho, na sehemu nyingine kuna mamba. Kama namba zinakuelekeza majini, rudini. Ukisikia ngurumo, shukeni mwambani mara moja. Radi za ukanda huu hazina utani.

Mtu akikuuliza, mweleze ukweli

Hili ni letu hasa, hulikuti kwenye maelekezo ya Wazungu. Sote tumesikia hadithi za mali za Mjerumani: rupia zilizofukiwa tangu kabla ya mwaka 1916, ambazo watu wanazichimba hadi leo. Sasa fikiria vijana sita wanazunguka mwamba, wanatazama simu, mmoja anapekua chini ya jiwe. Watu watadhani nini? Watadhani mnatafuta rupia, au mna mambo ya kishirikina. Na baadhi ya miamba ni mahali pa matambiko ya wazee, si pa kugusagusa.

Kwa hiyo mpiteni kwanza mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mumsalimie kwa heshima na kumweleza mchezo. Kama eneo lina mwenyewe, ombeni ruhusa. Mzee akiuliza, mwonyesheni daftari lenyewe: "Shikamoo mzee, tunatafuta kikopo, hakina hela, kina karatasi ya kuandika majina." Huenda akacheka na kuwaambia vijana wa siku hizi mna kazi! Lakini atakuwa ameambiwa ukweli.

"Nani atajua?"

Kuna Jumamosi nilikwenda na vijana saba Malimbe, kutafuta kopo la mazoezi lililofichwa na vijana wa kigango kingine. Tulikuwa tunashindana, na matokeo yalikuwa yanatumwa kwenye kundi la WhatsApp. Tukatafuta karibu saa nzima, jua kali, hakuna kitu. Kijana mmoja akaniambia, "Kaka, si tuandike tu kwamba tumelipata? Nani atajua?"

Nikanyamaza kidogo, nikitaka wajibu wenyewe. Binti mmoja akasema, "Tukiandika tumelipata, wengine watakuja kesho na nauli zao, watatafuta kitu ambacho labda hakipo." Wakajadiliana, mwishoni wakatuma neno moja: "Hatukulipata." Kesho yake walioficha wakaenda kuangalia, wakakuta kweli kopo limeondolewa. Wakaweka jingine.

Ndugu zangu, katika jiokashi kuandika "sikulipata" si aibu. Ni sehemu ya mchezo, na ndiyo inayomsaidia mwenye kopo kujua kuna tatizo. Uongo mdogo wa mtandaoni unaonekana hauna mwathirika, kumbe kuna mtu atalipa nauli kwa sababu yake. Kijana anayeweza kuandika ukweli porini, bila kusimamiwa, anajiandaa kuwa mhasibu, muuguzi au fundi ambaye watu watamwamini.

Sasa fungua Mathayo 13:44. Bwana Yesu anafananisha Ufalme wa mbinguni na hazina ndani ya shamba. Aliyeigundua aliificha tena, kisha kwa furaha akauza kila kitu alichokuwa nacho ili alipate shamba lile. Angalia jambo hili: hakukimbia na hazina usiku. Alilipa gharama yote, kwa njia ya halali. Katika zama hizi za kubeti na kutafuta utajiri wa usiku mmoja, mfano huu unatusema. Hazina ya kweli haichukuliwi kwa njia ya mkato.

Anzeni na kopo lenu

Kwa kuwa makopo ni machache kwetu, ombeni ruhusa ya Paroko, mfiche kopo moja ndani ya eneo la parokia. Chombo chochote cha plastiki chenye mfuniko imara kinafaa. Wekeni daftari, penseli na karatasi inayoeleza mchezo. Msiweke chakula, kitavuta siafu na wanyama. Msiweke dawa. Rozari iliyobarikiwa nashauri isiachwe humo. Kadi ndogo ya mtakatifu uliyoandika mwenyewe inatosha. Msifukie kopo ardhini. Mkitaka kulisajili rasmi, liwe umbali wa mita 161 au zaidi kutoka kopo jingine.

Zipo pia sehemu za kwenda bila kuacha kopo lolote: Jiwe la Bismarck, makumbusho ya Wasukuma kule Bujora yaliyoanzishwa na Padre David Clement, au hifadhi ya Saanane. Na makaburi ya Igoma, walipolala ndugu zetu wa MV Bukoba waliofariki Mei 21, 1996. Pale zima simu, sali kwa ajili ya marehemu. Pale si pa mchezo.

Zoezi la wiki

Jumapili, baada ya Misa (siyo badala ya Misa!), simama mlangoni pa kanisa lako, soma namba za GPS, ziandike. Mpe rafiki ambaye hajawahi kufika hapo, umwombe azifuate.

Maswali ya kujadili katika jumuiya:
- Ni wapi huwa najiambia "nani atajua"?
- Ni kitu gani niko tayari kukiacha ili nipate hazina ya kweli?

Tusali: Ee Bwana, utufundishe kutafuta kwa subira, kupata kwa furaha, na kusema ukweli hata tukiwa peke yetu. Mama Maria, utuongoze njiani. Amina.