Daraja la 3 si ahueni

SWALI: Mwanangu anasoma Marekani, pwani ya Ghuba ya Meksiko. Anasema huko wapo wasiohama kimbunga kikiwa cha daraja la 3, eti wanaogopa cha 5 tu. Wako sahihi? Mzazi, Tanga.

JIBU: Hapana, mzazi mwenzangu. Daraja hilo, kuanzia 1 hadi 5, hupima kasi ya upepo peke yake. Kuhusu maji halisemi kitu, na muuaji mkubwa ni maji.

Mwaka 1969 kimbunga Camille, cha daraja la 5, kilipiga pwani ya Mississippi. Waliosalimika wakaziamini nyumba zao. Agosti 2005 kikaja Katrina, kikatua kikiwa cha daraja la 3, na baadhi yao wakakataa kuondoka. Lakini Katrina kilikuwa kipana mno. Bahari ikapanda zaidi ya mita 8 katika mji wa Pass Christian, kupita ilivyopanda siku ya Camille.

Upepo huisukuma bahari kuelekea nchi kavu. Pwani ikiwa na kina kifupi, maji hukosa pa kurudi, yanajazana. Mita moja ya ujazo ina uzito wa tani moja. Maji hayo yakiingia sebuleni, friji huelea kama mtumbwi, na mlango haufunguki tena.

Mwambie aulize leo kama anapoishi ni eneo la kuhamishwa. Amri ikitoka, asisubiri kuhesabu madaraja. Aondoke.