Sikio la Fundi Mzee: Ujuzi wa Injini katika Pwani ya Kilwa na Lindi

Mtumishi wa umma nchini Tanzania aweza kustaafu kwa hiari atimizapo miaka 55, na isipokuwa katika taaluma chache, hulazimika kustaafu atimizapo miaka 60. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 nayo humhesabu kuwa mzee mtu aliyefikia umri huo wa miaka 60. Lakini mgeni afikaye Kilwa Masoko, Kilwa Kivinje au Lindi, akauliza ni nani awezaye kuitazama mashine ya jahazi iliyokataa kuwaka, aghlabu huelekezwa kwa mtu aliyeuvuka umri huo zamani. Je, ni heshima tu kwa mvi, au mzee huyo anajua kitu ambacho kijana mwenye nguvu hakijui? Na mwili wake unalipa gharama gani?

Yafaa kwanza kukumbuka jinsi ufundi huu ulivyoingia kusini. Kabla ya uhuru, injini za dizeli zilikuwa zikiendesha mitambo ya mashamba ya mkonge karibu na Lindi. Kisha, kuanzia mwaka 1947, Serikali ya Uingereza ilianzisha mradi wa karanga, na Nachingwea ikawa mojawapo ya vituo vyake vikuu. Matrekta yaliletwa kwa wingi, mengi yakiwa mabaki ya vita, nayo yaliharibika mfululizo. Mradi uliachwa mwaka 1951. Karanga hazikupatikana kama ilivyotarajiwa, lakini watu walikuwa wamejifunza kufungua injini na kuifunga tena. Kijana wa miaka 18 wa wakati ule angekuwa leo amepita miaka 90. Mafundi wazee tuwaonao sasa ni kizazi kilichofuata, kilichojifunza kwa kushika spana kando ya wakubwa wao.

Sababu ya pili ni barabara. Hadi Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, magari yaliuvuka Mto Rufiji kwa kivuko, na wakati wa masika safari ya kutoka Dar es Salaam iliweza kukatika kabisa. Kipuri hakikuja, kwa hiyo fundi alilazimika kukata gasketi kwa mkono, kuchonga bushi, au kuisaga valvu iliyochakaa hadi ikae sawasawa. Shida hiyo haijatoweka: Mei 2024, mafuriko yaliyoambatana na Kimbunga Hidaya yaliikata tena barabara hiyo katika eneo la Somanga, wilayani Kilwa.

Sasa tuutazame ujuzi wenyewe. Injini ya dizeli haina cheche. Pistoni huisonga hewa mpaka ujazo wake uwe sehemu moja ya 15 hadi ya 22 ya ule wa awali, na hewa hiyo hupata joto lipitalo nyuzi 500 za Selsiasi. Nozeli ikinyunyiza dizeli wakati huo, mafuta huwaka yenyewe. Kila mwako hutoa kishindo, na kishindo kikija mapema, kikichelewa au kikikosekana, mlio hubadilika. Fundi huweka ncha ya bisibisi ndefu juu ya injini na mpini wake sikioni. Chuma hupitisha sauti kwa mwendo wa mita 5,000 hivi kwa sekunde, ilhali hewa huipitisha kwa mita 340 tu. Lakini faida kubwa zaidi ni kwamba sauti ya mahali pale paliposhikwa hufika sikioni bila kumezwa na kelele nyingine. Kisha hulegeza nati ya bomba la nozeli moja baada ya nyingine. Mlio ukibadilika, silinda ile ilikuwa inafanya kazi. Usipobadilika, ndiyo yenye ugonjwa. Moshi nao husema: mweusi ni mafuta yasiyoungua yote, wa buluu ni oili inayoungua.

Hapa pana jambo la kushangaza kidogo. Sikio hilo alitegemealo fundi ndilo linalochakaa. Uzee huondoa kwanza uwezo wa kusikia sauti nyembamba, na kelele za miaka mingi, hasa zipitazo desibeli 85, huongeza hasara hiyo. Lenzi ya jicho hukakamaa tangu miaka ya arobaini, vidole hupungukiwa hisia, mkono hupungukiwa nguvu. Basi mzee anawezaje?

Jibu moja lilipatikana mbali na gereji. Mwaka 1984 mwanasaikolojia wa Marekani, Timothy Salthouse, aliwapima wapiga chapa wenye umri wa miaka 19 hadi 72. Wazee walichelewa katika majaribio ya wepesi wa kuitikia, lakini hawakuchelewa kupiga chapa, kwa kuwa macho yao yalitangulia herufi nyingi zaidi mbele ya vidole. Kwa maoni yangu, fundi wetu hufanya vivyo hivyo. Kijana hufungua kila kitu apate kuona. Mzee huuliza kwanza chombo kilitoka wapi, kilijazwa mafuta gani, kilizimika ghafla au polepole, na mara nyingi injini haijaguswa bado yeye ameshabakiza sababu mbili tu.

Ujuzi huo, hata hivyo, una mipaka, na mipaka yenyewe ni ya hatari. Kulegeza nati ya bomba kulifaa katika pampu za zamani. Katika injini mpya zinazoongozwa kwa kompyuta, kanieneo ya mafuta yaweza kupita mara 1,500 ya ile ya hewa tunayovuta. Mchirizi mwembamba kama uzi hupenya ngozi, na aliyepatwa huhitaji kufanyiwa upasuaji haraka hata kama tundu halionekani. Kunyonya petroli kwa mdomo ili ipite katika mpira ni kosa la zamani lisilo na kisingizio: tone likiingia mapafuni huleta homa ya mapafu, ambayo kwa mzee ni hatari zaidi. Kupuliza vumbi la breki za kale ni kurusha asbesto. Oili chafu iachwayo mikononi siku nzima yaweza kuleta saratani ya ngozi.

Tusidhani pia kwamba wote huendelea kwa kupenda kazi. Fundi wa gereji ya chini ya mwembe aghlabu hakuchangia mfuko wowote wa pensheni, na siku asiyofanya kazi ni siku asiyokula. Wanafunzi wake ndio wanaoinua injini siku hizi. Yeye hukaa juu ya kibao na kuamuru. VETA huweza kumpima mtu na kumpa cheti kwa ujuzi alioupata kazini, lakini cheti hakihamishi sikio. Kijana aliye karibu na mzee wa namna hii na amwombe, kila injini inapowashwa, aseme kwa maneno anasikia nini kabla ya kushika spana, kisha ayaandike daftarini pamoja na ubovu uliopatikana baada ya kufungua.