SOMO LA TISA: TUTENGENEZE CHUMBA CHA KUPIKIA KATIKA NYUMBA YA ZAMANI



Leo usiku, kabla ya kulala, chukua taa uingie mahali unapopikia. Inua taa juu. Tazama paa. Tazama kuta. Unaona nini?

Katika nyumba nyingi za zamani utaona masizi. Boriti ni nyeusi. Utando wa buibui ni mweusi. Masizi hayo yameletwa na moshi. Moshi huo huo ulipita kwanza katika mapafu ya mama aliyekuwa akisonga ugali, na ya mtoto aliyekuwa mgongoni mwake.

Katika somo hili tutajifunza namna ya kupanga matengenezo ya chumba cha kupikia. Hatutajenga nyumba mpya. Tutaitumia ile ile tuliyo nayo. Wahenga walisema: Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

1. Kwa nini tutengeneze?

Moshi huwasha macho. Huleta kikohozi kisichokwisha. Watoto wadogo wanaovuta moshi kila siku huugua kichomi kwa urahisi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa majumbani ulisababisha vifo zaidi ya milioni 3 duniani katika mwaka 2020. Wengi wa wanaoumia ni akina mama na watoto, kwa sababu wao ndio wanaokaa karibu na moto.

Wazee wetu wanakumbuka kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973. Watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi wakasikiliza redio, wakasoma vitabu, kisha wakatoka wakafanya kazi. Walichimba vyoo na kufyeka majani kuzunguka nyumba. Hawakungoja mgeni aje kuwafanyia. Kazi ya chumba cha kupikia nayo ni ya namna hiyo. Inaanza na sisi wenyewe.

2. Kuni zinatoka wapi?

Wakazi wa Shinyanga wanajua taabu ya kuni. Tangu miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilifyeka misitu mingi ili kumaliza mbung'o. Baadaye mashamba ya pamba yakaongezeka, na mifugo nayo ikaongezeka. Miti ikaisha. Watu wakapikia mabua, mashina ya pamba na mavi ya ng'ombe. Mavi yakachomwa jikoni, shamba likakosa mbolea.

Mwaka 1986 ulianza mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI. Wananchi walirudia desturi ya zamani ya Wasukuma ya kutenga ngitili. Ngitili ni eneo la malisho linalofungwa wakati wa mvua ili majani na miti viote, kisha mifugo hulishwa humo wakati wa kiangazi. Maelfu ya hekta yalirudia kijani.

Lakini ngitili haiwezi kushinda jiko linalokula kuni bila kipimo. Mafiga matatu yakiwa wazi, upepo huupeleka moto huku na huku. Joto jingi hupotea, na sufuria hupata sehemu ndogo tu. Kwa hiyo anayetengeneza jiko anahifadhi pia msitu, na anaipunguza safari ya mama ya kutafuta kuni.

3. Kwanza muulize mpishi

Mara nyingi baba humwita fundi, wakapanga wao wawili, na mama akaonyeshwa kazi ikiwa imekwisha. Hilo ni kosa. Anayejua kasoro za chumba cha kupikia ni yule anayepika ndani yake.

Kaeni pamoja, mume na mke. Kama mama mkwe au binti anapika, naye awepo. Chukueni daftari. Andikeni majibu ya maswali haya:

(a) Moshi unakwenda upande gani asubuhi? Jioni je?
(b) Sufuria kubwa kuliko zote ina upana gani?
(c) Maji yanawekwa wapi? Mtoto anaweza kuyafikia na kuyamwaga?
(d) Mvua ikinyesha, paa linavuja mahali gani?
(e) Kuku na mbuzi wanaingia kwa njia ipi?
(f) Michembe na unga vinahifadhiwa wapi, na panya wanapita wapi?

Ukiwa na majibu hayo umekwisha pata nusu ya mpango wako.

4. Kagua kuta na sakafu

Nyumba nyingi za zamani zimejengwa kwa matofali mabichi ya udongo. Nyumba iliyojengwa juu ya ardhi nyeusi ya mbuga ina taabu yake. Udongo huo huvimba ukipata maji na husinyaa ukikauka. Nyumba inapanda na kushuka kidogo kila mwaka. Ndiyo maana kuta hupasuka.

Usiufiche ufa kwa kuupaka udongo tu. Ujaribu kwanza, hivi:

Chukua udongo laini. Upake kama kiraka kidogo, ukivuka ufa kutoka upande huu hadi upande wa pili. Kiraka kikikauka, andika tarehe juu yake kwa penseli. Kitazame kila mwezi. Kikibaki kizima mvua zote na kiangazi chote, ufa umetulia. Unaweza kuuziba. Kikikatika, ukuta bado unatembea. Hapo usitoboe dirisha karibu nao. Chimba mtaro wa kupeleka maji ya paa mbali na ukuta, na mwite fundi autazame.

Umeona faida ya kujua kuandika? Tarehe moja iliyoandikwa ukutani inaweza kukuonya kabla nyumba haijaanguka.

5. Toa njia ya moshi

Moshi ni mwepesi ukiwa na moto. Hupanda juu. Usipopata mlango, hurudi chini. Kwa hiyo toboa dirisha upande mmoja, na acha nafasi ya kutokea moshi juu ya ukuta wa upande wa pili, chini ya paa. Hewa safi itaingia huku, na moshi utatokea kule. Weka wavu katika nafasi hiyo ya juu ili ndege na nyoka wasiingie.

Unapotoboa dirisha katika ukuta wa zamani, kumbuka mambo manne:

Kwanza, usitoboe karibu na pembe ya nyumba. Acha angalau sentimita 60.

Pili, tegemeza paa kwa nguzo kabla ya kutoa tofali la kwanza.

Tatu, weka boriti ngumu juu ya dirisha. Mafundi huiita lenta. Boriti hiyo ipite ukingo wa dirisha kwa sentimita 20 au zaidi kila upande.

Nne, toa matofali moja moja kuanzia juu. Usipige ukuta kwa nyundo kubwa.

Kama paa ni la nyasi, jiko lisikae chini ya sehemu iliyo fupi. Cheche moja inatosha kuteketeza nyumba nzima.

6. Jenga jiko linaloshika sufuria

Jiko zuri la udongo lina mlango mmoja wa kuni. Kuta zake ni nene, hushika joto. Sufuria huzama kidogo ndani yake. Kati ya sufuria na ukuta wa jiko acha nafasi ya upana wa kidole, ili moto upite ukilamba sufuria. Kutoka chini ya sufuria hadi mahali pa moto iwe pungufu kidogo ya shubiri moja.

Udongo wa kichuguu unafaa sana. Uchanganye na mchanga na nyasi zilizokatwa vipande vidogo. Ukande kwa miguu kama udongo wa matofali. Ujaribu: finyanga donge, liache likauke. Likipasuka, ongeza mchanga. Likimomonyoka, ongeza udongo wa kichuguu.

Jambo moja limewafanya watu wengi kuyaacha majiko mapya. Ugali wetu husongwa kwa nguvu. Jiko jepesi likitikisika, sufuria humwagika na mpishi huungua. Kwa hiyo kabla udongo haujakauka, weka sufuria kubwa na mwiko, mama asonge kama kwamba kuna ugali ndani. Sufuria ikicheza, rekebisha hapo hapo.

Liache jiko likauke kwa wiki 2 au 3. Moto wa kwanza uwe mdogo. Nyufa ndogo zibe kwa udongo ule ule.

Je, una mpango wa kununua jiko la gesi? Mwaka 2024 serikali ilitangaza mkakati wa miaka kumi wa nishati safi ya kupikia. Lengo ni kwamba ifikapo mwaka 2034 Watanzania 80 katika kila 100 watumie nishati hiyo. Ukipata gesi, simamisha mtungi wima, mbali na moto wa kuni. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hutulia chini sakafuni. Ukisikia harufu yake usiwashe kiberiti. Funga mtungi, fungua mlango na dirisha, toeni watoto nje.

7. Tupige hesabu

Tunataka kuinua jiko ili mtoto anayetambaa asiufikie moto. Tutajenga kitako cha matofali ya kuchoma.

Urefu wa kitako ni sentimita 100. Upana ni sentimita 60. Tofali moja lina urefu wa sentimita 25, upana wa sentimita 12 na kimo cha sentimita 10.

Kwa urefu: 100 ÷ 25 = matofali 4.
Kwa upana: 60 ÷ 12 = matofali 5.
Tabaka moja: 4 × 5 = matofali 20.
Kimo cha sentimita 40 ni matabaka 4: 20 × 4 = matofali 80.
Ongeza 8 kwa yatakayovunjika: 80 + 8 = matofali 88.

Sasa andika orodha ya vitu vyote katika daftari. Piga mistari ya safu nne: *Kitu. Tunacho. Tununue. Bei.* Udongo, mchanga, nyasi na maji huenda unavyo. Misumari, wavu na bati la kuziba tundu huenda ukanunua. Jumlisha bei kabla hujamwita fundi. Mkikubaliana malipo, yaandikeni, kila mmoja atie sahihi.

8. Onyo kwa wenzetu wa machimboni

Katika eneo la Geita wachimbaji wengi wadogo hukamata dhahabu kwa zebaki. Kisha huichoma ili zebaki itoke, dhahabu ibaki. Wengine huichomea nyumbani, juu ya jiko, katika kijiko au sufuria ya chakula.

Ndugu msomaji, usifanye hivyo hata mara moja. Mvuke wa zebaki hauonekani wala haunuki. Unaingia mapafuni, unaharibu ubongo na figo, na unamdhuru mtoto aliye tumboni. Baki lake hutua juu ya kuta, paa na vyombo. Mchimbaji hutoka asubuhi kwenda shimoni, lakini familia yake inabaki ndani na sumu.

Zebaki ichomewe mbali na nyumba, katika chombo kilichofungwa chenye bomba la kuirudisha zebaki. Kinu cha kutwangia mawe kisirudi kutwanga muhogo. Nguo za shimoni zisitundikwe penye chakula.

Ukinunua nyumba ya zamani katika eneo la machimbo, uliza swali hili: Je, dhahabu ilikuwa ikichomewa humu? Jibu likiwa ndiyo, usipikie humo. Usikwangue kuta kavu wala kufagia vumbi kavu. Fungua milango na madirisha, kisha mwone Bwana Afya au Bibi Afya kabla ya kuanza kazi.

9. Panga wakati wa kazi

Fanya kazi hii kiangazi, pamba ikiwa imeuzwa na kabla mvua hazijaanza. Fuata mpango huu:

1. Rekebisha paa.
2. Chimba mtaro, ziba nyufa zilizotulia.
3. Toboa dirisha na njia ya moshi.
4. Sindilia sakafu, iwe juu kuliko uwanja wa nje.
5. Jenga kitako na jiko.
6. Tengeneza rafu, mahali pa mtungi wa maji, na kichanja cha vyombo nje juani.

Kama fedha haitoshi, usikate tamaa. Anza na njia ya moshi. Mwaka huu dirisha, mwaka ujao sakafu. Haba na haba hujaza kibaba.

Maswali

1. Masizi ya ukutani yanatufundisha nini?
2. Ngitili ni nini?
3. Utajuaje kama ufa umetulia au bado unatembea?
4. Kwa nini jiko lijaribiwe kwa sufuria na mwiko kabla halijakauka?
5. Taja madhara mawili ya mvuke wa zebaki.
6. Kitako kingine kina matabaka 3 tu. Kitahitaji matofali mangapi, bila ya kuhesabu ya ziada?

Kazi ya kikundi

Funga mizigo miwili ya kuni iliyo sawa. Pika ugali wa kipimo kimoja cha unga juu ya mafiga matatu kwa mzigo wa kwanza. Kesho yake pika ugali wa kipimo kile kile juu ya jiko la udongo kwa mzigo wa pili. Hesabu kuni zilizobaki kila siku. Andikeni matokeo ubaoni, kisha mjadiliane: nyumba ya nani itaanza?

Maneno ya kujifunza

*Masizi*: weusi unaoachwa na moshi.
*Lenta*: boriti inayobeba ukuta juu ya mlango au dirisha.
*Sindilia*: piga udongo mpaka ushikane.
*Shubiri*: kipimo kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho, kiganja kikiwa kimekunjuliwa.
*Zebaki*: madini ya majimaji yenye rangi ya fedha, ni sumu.